Bomba Lililopuliza Lenyewe

Mama Kibonge alifuta lenzi ya kamera kwa kipande cha nepi safi, akakirudisha mfukoni, kisha akapenyeza vidole ndani ya blauzi kuhakikisha vitambaa vya kuzuia maziwa vimekaa mahali pake. Mbele yake tanuri lilikuwa linanguruma taratibu kama mtu mnene aliyelala baada ya kula. Lilikuwa limewaka tangu juma lililopita, kwa sababu tanuri la kioo halizimwi kama jiko la chai. Likipoa, kioo kilichomo huganda na kukipasua chungu chake, na hasara hiyo si ya kusimulia.

Karakana ilikuwa chumba kimoja kirefu chenye paa la mabati na madirisha ya juu. Kwenye ukuta mmoja zilipangwa rafu, na kwenye rafu matungi, mabakuli, majagi yenye shingo kama za bata, na taa za kuning'iniza. Chini ya kitako cha kila kimoja Msanii alikuwa ameandika jina lake kwa sindano ya chuma. Mama Kibonge alivipiga picha kimoja kimoja, taratibu, kama anavyompitishia mwanawe kitambaa cha kuogea.

"Umemaliza mapambo?" aliuliza mwongozaji wa filamu. Aliitwa Kofia, kwa sababu hakuna aliyewahi kuona kilichokuwa chini ya kofia yake. "Nataka mikono. Watu wanapenda mikono."

Filamu ilikuwa ya kumheshimu Msanii, ambaye vyombo vyake vilikuwa karibu kufunguliwa maonyesho makubwa ukumbini mjini. Alikuwa mzee mpole, asiye na makuu. Aliwakaribisha kwa chai na akawaomba radhi kwa joto kana kwamba ni yeye aliyelizua. Akaketi kwenye benchi lake, ambalo lina mikono miwili ya chuma kama ya kiti cha mfalme, na juu ya mikono hiyo akalaza bomba refu lenye donge la kioo jekundu kwenye ncha yake.

Kwenye mwisho wa pili wa bomba alipiga magoti mdogo wake, mwanamke mpana wa kifua mwenye mwanya na kitambaa kichwani. Watoto wa Msanii walimwita Shangazi, muuza mkaa akamwita Shangazi, na mwishowe hata watu waliomzidi umri wakamwita Shangazi.

Kazi ilikwenda hivi. Msanii alizungusha bomba bila kulipumzisha, maana kioo cha moto kikiachwa bila kuzungushwa hulala upande kama mlevi. Mkono wake wa pili ulilikanda donge kwa gazeti lililoloweshwa maji, moshi ukipanda. Akisema "Pumzi," Shangazi alipuliza. Akisema "Basi," Shangazi aliacha. Hawakuhitaji neno la tatu. Walikuwa wakifanya hivyo tangu Shangazi akiwa msichana wa kutumwa maji, kwa sababu Msanii alizaliwa na pumu, na mtu wa pumu hawezi kulijaza hata puto la sherehe.

"Mzazi," Shangazi alimwambia Mama Kibonge kati ya pumzi na pumzi, "inua hiyo kamera kidogo. Nisije nikaonekana kama ng'ombe anayekunywa maji mtoni."

"Unaonekana vizuri, Shangazi."

"Unanivika kilemba cha ukoka. Lakini endelea, sijavaa siku nyingi."

Walipopumzika, Kofia alivuta kiti mbele ya Msanii na kumuuliza kioo ni nini kwake. Msanii alifikiri, akatazama rafu zake.

"Kioo ni pumzi yangu," alisema. "Kila chombo pale nimekipulizia sehemu ya roho yangu."

Kisha akatoa kichupa cha dawa mfukoni, akajipulizia kooni, akashusha mabega.

"Hapo pa dawa tutapaondoa," alisema Kofia.

Shangazi alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akipuliza chai yake ipoe. Aliipuliza chai ikapoa.

Mchana walitazama walichokipiga. Kwenye skrini ndogo Msanii alikuwa ameketi, mikono yake ikizunguka vizuri, mwanga wa tanuri ukimng'arisha ndevu. Mwisho wa pili wa bomba ulikuwa hewani na haukushikwa na mtu. Msanii akasema, "Pumzi." Bomba likapuliza. Donge likavimba polepole kama shavu la mtoto aliyeshiba. Msanii akasema, "Basi." Bomba likaacha.

"Safi sana," alisema Kofia.

"Shangazi hayupo," alisema Mama Kibonge.

"Alikuwa wapi?"

"Hapa. Amepiga magoti hapa. Mwenyewe uliruka miguu yake ukienda kuchukua maji."

Kofia alisogeza kofia nyuma, akatazama tena, akairudisha mbele. "Ndivyo inavyokuwa," alisema. "Kwenye ile filamu ya hoteli vitanda vilijitandika vyenyewe, umesahau? Wageni walipenda mno. Watu wakijaa kwenye picha macho hayajui yatue wapi."

Mama Kibonge hakuwa amesahau. Alikuwa mjamzito wakati ule, na mmoja wa wanawake wa vitanda alimpa pini siku kifungo cha blauzi kilipokatika. Filamu ilipotoka, shuka zilinyooka zenyewe na mito ikajipiga ngumi na kujilaza, naye akadhani ni ufundi wa mhariri. Pini ile alikuwa nayo mpaka leo. Ilikuwa imeshika kitambaa kimoja kifuani mwake.

Alimkuta Shangazi uani, penye bomba la maji, akila mkate.

"Hukunipata, eh?" aliuliza Shangazi.

"Sikukupata."

"Usijisumbue, mwanangu. Kitambulisho changu kina picha ya kiti. Kiti kizuri, cha pale kwa mpiga picha, kina maua. Polisi wakinisimamisha hutazama kiti, wakanitazama mimi, wakasema haya mama, pita." Akamega mkate, akampa nusu. "Kula, unanyonyesha. Nilidhani tu kamera kubwa ingekuwa na macho makubwa."

Walikula. Kisha Shangazi akamweleza jambo ambalo alikuwa amelibana kwenye meno asubuhi nzima. Chuo cha ufundi cha mji wa pili kilikuwa kinafungua darasa la kioo. Tanuri limeshajengwa, benchi limeshachongwa, kilichobaki ni mwalimu. Nyumba ya mwalimu ina ua na mti wa limau. Shangazi alikuwa amezungumza nao, wakasema hawana taabu na mtu ambaye hakusoma, ila kamati yao haisafiri. Wanataka filamu inayomwonyesha akifanya kazi, basi. Wakiona, wataamua.

"Nimepiga magoti vya kutosha," alisema Shangazi. "Nataka nikae mimi kwenye benchi. Mwingine apulize, na kila tukimaliza chombo nimuulize jina lake nani, tuliandike. Na tena pumzi zenyewe zinahesabika. Kifua si gunia la unga, ukimaliza moja unanunua lingine."

"Kaka anajua?"

"Nilimwambia. Akasema, 'Ni jambo jema, dada yangu. Lakini nani atapuliza?'" Shangazi alikung'uta makombo mapajani. "Hakusema kwa ubaya. Aliuliza tu kama unavyouliza funguo ziko wapi."

Mama Kibonge alihisi maziwa yakimjia, ishara kwamba nyumbani mwanawe amelia. Akaweka mkono kifuani, akakandamiza.

"Nenda ukamnyonyeshe," alisema Shangazi. "Moto hauna miguu, utaukuta."

"Shangazi, mimi nitakupata," alisema Mama Kibonge. "Kazi yangu ni hiyo."

Alisema hivyo kwa moyo mweupe, kwa sababu alikuwa bado kijana na alikuwa amesomea kupiga picha jioni kwa jioni, baada ya kazi, mpaka akapata cheti chake tumbo likiwa mbele. Mwalimu wake alikuwa akiwaambia hakuna kitu kisichopigika picha, kuna mpiga picha aliyesimama pabaya. Maneno hayo aliyashika kama watu wanavyoshika dua.

Basi akaanza kuhangaika. Alibadili lenzi. Akasogeza taa kushoto, akaisogeza kulia, akaifunika kwa karatasi ya mafuta. Akapanda kwenye ngazi akapiga kutoka juu, akalala sakafuni akapiga kutoka chini. Shangazi alivaa kitambaa chekundu, na kwenye skrini hata kitambaa hakikutokea. Alijaribu kuongea, na kwenye kamera sauti yake ikasikika kama mngurumo wa tanuri. Kofia alikuwa akizunguka akipiga simu na hakuwa na habari na haya, kwa sababu Msanii alionekana vizuri kila upande.

"Labda nijipake unga," alisema Shangazi.

"Tuutunze unga."

"Basi nijipake kaka. Yeye anatokea hata gizani."

Msanii alicheka pamoja nao. Alikuwa na tabia nzuri, na alimpenda mdogo wake. Kisha akasema, "Pumzi," nao wakarudi kazini.

Ilikuwa siku ya mwisho ya kupiga picha, wakati wa kupuliza tungi kubwa ambalo lingewekwa katikati ya maonyesho. Kofia alitaka kioo kijaze skrini yote. Mama Kibonge alipiga magoti, akasogea mpaka joto likamkausha nyusi, akalenga donge. Shangazi akapuliza. Donge likawa puto, likawa jembamba, likawa angavu, na ndani yake chumba kizima kikaingia. Tanuri lilikuwemo, dogo kama punje ya mtama mwekundu. Madirisha yalikuwemo yamejikunja. Na katikati, kichwa chini miguu juu kama popo, alikuwemo mwanamke mpana mwenye kitambaa chekundu, mashavu yamemjaa. Nyuma yake alikuwemo mwanamke wa pili, naye kichwa chini, uso wake ukiwa kamera.

Mama Kibonge hakutikisa mkono. Alisubiri mpaka Msanii aliposema, "Basi."

Baadaye alimwita Shangazi pembeni, akamrudishia mkanda nyuma. Shangazi aliinama juu ya skrini muda mrefu. Mtu anaweza kujiangalia kwenye kioo cha chumbani akichana nywele, lakini hakuna anayeweza kujiona akipuliza.

"Mashavu yangu ndiyo makubwa hivi?" aliuliza mwishowe.

"Ndiyo, Shangazi."

"Kumbe." Aligusa skrini kwa ncha ya kidole, kwa upole, kama inaweza kuvunjika. "Na huyo nyuma yangu ni wewe."

"Ni mimi."

"Tumetoka vizuri," alisema Shangazi. "Ila nani katupindua?"

Kofia aliiona picha ile kwenye chumba cha uhariri. Alisimamisha filamu, akasogea.

"Kuna madoa hapa ndani ya kioo," alisema. "Mawili."

"Ni Shangazi na mimi," alisema Mama Kibonge. "Ukikuza utaona."

Kofia alikuza, akaona, akakubali kwamba ni kweli. Hakuwa mtu wa kubisha jambo lililo mbele ya macho. "Basi yafutwe," akasema.

Yakafutwa. Asubuhi yalikuwepo tena. Yakafutwa mara nyingine, na chakula cha mchana kilipomalizika yalikuwa yamerudi, mashavu yamejaa. Mhariri alisema yeye ana filamu nyingine zinamsubiri. Kofia alikuna shingo, akawaza, kisha akaagiza jina la Msanii liandikwe mahali pale kwa herufi kubwa za dhahabu, na chini yake jina lake mwenyewe kama mtengenezaji wa filamu. Maandishi yalikaa juu ya wale wanawake wawili sawasawa, kama mfuniko juu ya sufuria yake. Hakuna kilichobaki nje.

Mama Kibonge hakugombana naye. Alikuwa na mtoto wa kulisha, na pia alikuwa na simu. Siku iliyofuata alikwenda karakana kwa nauli yake, akampiga Shangazi picha upya kwa simu hiyo. Alianza mbali, bomba likielea na kupuliza lenyewe, kisha akasogea polepole hadi kwenye puto, hadi ndani ya puto, akakaa pale. Hakuweka jina la mtu. Mwishoni aliweka sauti yake mwenyewe akisema, polepole kama anavyosoma habari mtu wa redio: "Angalieni ndani ya kioo. Huyo mwenye kitambaa chekundu ndiye anayepuliza." Shangazi akaituma kwa kamati ya chuo, akaweka simu yake kwenye mfuko wa aproni, upande wa moyo.

Maonyesho yalifunguliwa. Mama Kibonge alikwenda na mwanawe mgongoni, kwa kuwa mama mkwe alikuwa na miguu inayomuuma siku ile. Ukumbi ulijaa. Bomba lilipopuliza lenyewe kwenye skrini kubwa, watu walitikisa vichwa kwa kuridhika, na mzee mmoja wa safu ya mbele akamwambia jirani yake kwamba huo ndio ukomavu wa sanaa, chombo kinafika mahali kinamtii fundi. Kofia alisimama akashukuru waliohudhuria. Alisema filamu ile aliishika kwa mikono yake miwili kutoka mwanzo hadi mwisho, na mikono yenyewe akaionyesha. Msanii naye alisimama, akasema maneno machache mazuri, akamshukuru pia mdogo wake kwa kuwatunzia karakana ikae safi. Watu wakapiga makofi. Shangazi, aliyekuwa amekaa karibu na mlango kwa ajili ya hewa, akapiga makofi pia. Ndivyo alivyolelewa.

Herufi za dhahabu zilipotokea, Kibonge alinyoosha mkono kuelekea skrini, akacheka kwa sauti. Alicheka vile anavyocheka akimwona mtu anayemjua. Herufi zilipoondoka akanyamaza, akatia kidole kinywani.

Simu ya chuo ilipigwa siku ambayo Mama Kibonge alikuwa amerudi karakana kuchukua waya wa taa aliousahau. Shangazi alikausha mikono haraka, akaiweka simu juu ya rafu ikiwa na sauti wazi, akamvuta Mama Kibonge kwa mkono wasimame pamoja.

"Shikamoo, mama," alisema mkuu wa chuo. "Kamati nzima tumeitazama filamu. Tumeitazama tena na tena. Niseme ukweli, hatujawahi kupokea kitu kama kile."

"Marahaba, baba. Nashukuru."

"Sasa tuna swali moja tu. Hilo bomba mmelipata wapi?"

"Bomba lipi, baba?"

"Hilo linalopuliza lenyewe. Maana tukipata mabomba kama yale, hatutakuwa na haja ya mwalimu kabisa. Wanafunzi watakaa tu na kusema 'pumzi'. Unajua bajeti zetu."

Shangazi alimtazama Mama Kibonge. Mama Kibonge alikuwa ameukunja waya mkononi mpaka vidole vikabadilika rangi.

"Mliangalia ndani ya kioo?" aliuliza Shangazi.

"Tuliangalia, mama. Tuliona madoa mawili matatu. Wala hayaharibu kitu, usiwe na wasiwasi."

"Na ile sauti mwishoni?"

"Tulisikia tanuri. Tanuri zuri."

Moto ulinguruma nyuma yao. Shangazi alivuta pumzi ndefu, kile kifua chake kipana kikapanda kama unga uliotiwa hamira, akaishusha.

"Bomba hilo haliuzwi," alisema.

"Basi likitokea jingine mtukumbuke. Kazi njema, mama."

Simu ilizimika. Shangazi aliketi juu ya ndoo yake, akacheka. Alicheka kimya, mabega yakimtikisika, mpaka ikabidi ajifute macho kwa pindo la aproni, na hata alipomaliza kucheka aliendelea kujifuta.

"Miaka yote nalala njaa ya sifa," alisema, "kumbe mimi ni bomba bora."

"Shangazi, tupige nyingine. Nimefikiri, tukiweka vioo viwili, kimoja kitakupindua na kingine kitakurudisha."

"Tutapiga, mwanangu. Mwaka huu hawakuona, mwakani kamati ina watu wengine. Mtu hachoki kubisha hodi kwa kuwa mlango mmoja ni mzito." Akanyanyuka kwa kushika magoti. "Ngoja kwanza. Nina kitu cha mtoto."

Alichukua kwenye rafu ya chini, nyuma ya vyombo vyote, mpira mdogo wa kioo uliotosha kwenye kiganja. Aliupuliza siku moja kaka yake alipokwenda hospitali kwa ajili ya kifua. Alikuwa peke yake, akajisemea mwenyewe "pumzi" na akajisemea mwenyewe "basi". Ulikuwa umepinda upande mmoja, kwa sababu mtu mmoja hawezi kupuliza na kuzungusha vizuri kwa wakati mmoja. Chini yake hapakuwa na jina.

"Niuandikie jina lako?" aliuliza Mama Kibonge. "Sindano ile pale."

Shangazi alitazama sindano. Ilikuwa imening'inia kwenye msumari wake kando ya benchi, mahali pake pa siku zote.

"Mtoto hajui kusoma," alisema. "Akijua, uje tuandike."

Kutoka kwenye benchi sauti ya Msanii ilisikika, laini, yenye adabu, kama mtu anayeomba apitishiwe chumvi.

"Pumzi."

"Naja, kaka," alisema Shangazi, akaenda, akapiga magoti.

Nyumbani kwa Mama Kibonge mambo yalikuwa ya kawaida. Nguo zilikuwa safi kambani, nepi zimekunjwa, maji ya mtoto yamechemshwa na kufunikwa. Majirani walikuwa wakisema nyumba ile ina bahati, haichafuki. Baba Kibonge, fundi wa majokofu na mwanamume mcheshi, alikuwa amerudi mapema na alikuwa na furaha, kwa kuwa mtoto alikuwa amevaa fulana mpya ya manjano aliyomnunulia.

"Kaa naye hapo dirishani," alimwambia mkewe. "Mwanga mzuri. Si ndivyo mnavyosema nyie wataalamu? Nimpige mwanangu picha."

Mama Kibonge aliketi kwenye kiti cha dirishani, akampakata mtoto, mkono mmoja tumboni mwake, mwingine chini ya mapaja. Kibonge alikuwa ameushika mpira wa kioo kwa mikono yote miwili na anautazama ndani, akimchekea mtu. Kisha akainua uso kumtazama mama yake. Baba akabonyeza.

Picha ilitoka nzuri. Mtoto alikuwa amekaa hewani mbele ya dirisha, fulana ya manjano inang'aa, mgongo wima, miguu minene inaning'inia. Kiti kilikuwa nyuma yake, kitupu.

Baba Kibonge aliitazama kwa fahari, akaituma kwa ndugu wote. Majibu yakaanza kuingia kabla simu haijapoa. Wajomba walipongeza. Binamu aliyeko mbali aliuliza mtoto analishwa nini. Mama mkwe, ambaye alikuwa chumba cha pili na miguu yake juu ya mto, aliiangalia kwenye simu yake mwenyewe, akaita kwa sauti iliyojaa raha:

"Jamani, mjukuu wangu! Kashaanza kukaa mwenyewe!"

"Na mapema hivi," alisema Baba Kibonge. "Mtoto huyu hana taabu kabisa. Anajilea."

Mama Kibonge aliomba simu. Aliiweka picha karibu, kama alivyofundishwa, akaikuza. Akapita fulana, akapita kidevu chenye mate, akafika kwenye jicho la mtoto, jeusi, lenye maji, la mviringo. Akaingia ndani yake. Dirisha lilikuwemo, dogo kama punje ya mchele. Na mbele ya dirisha alikuwemo mwanamke mwenye pini kwenye blauzi, amepakata mtoto, anamtazama.

Safari hii alikuwa kichwa juu.

Alitazama kidogo, akamrudishia mumewe simu, akampa Kibonge titi.